Karatasi Juu ya Birika

Bwenini, kitanda cha nane
6 Septemba

Mama mdogo mpendwa,

Leo ni tarehe sita Septemba, na naapa kwamba katika barua hii na zote zitakazofuata nitakueleza kila kitu, hata yale yatakayonitia aibu. Naomba nawe uape vivyo hivyo, kwa sababu hukuniambia ukweli. Uliandika kwamba matokeo yako ya bodi ya uhasibu "si mabaya sana". Jana ilikuwa siku ya wazazi, na Mama akaniambia yote. Ulifeli masomo mawili, hesabu za kundi la kampuni na kodi. Mkuu wenu wa ofisi ndiye aliyefungua bahasha yako, akaibandika karatasi ya matokeo ukutani juu ya birika la chai, mahali ambapo kila mtu lazima asimame.

Nikamwuliza Mama, "Na mama mdogo alifanyaje?"

Akasema, "Alijimiminia chai."

Nililia, kisha nikaacha, kwa kuwa machozi hayana kazi. Nataka mtu huyo alipe. Sijui bado kwa njia gani. Nina miaka kumi na sita na kalamu mbili.

Ila nimefikiria jambo la kuanzia. Mwalimu wetu wa fizikia husema hujalijua jambo mpaka umweleze asiyelijua, naye akaelewa. Mimi sijui chochote cha uhasibu. Basi niandikie yale masomo mawili, kipande kwa kipande, kila somo kwenye karatasi yake peke yake. Nitakupa alama juu ya kumi na sitakuonea huruma. Simu hapa haziruhusiwi, kwa hiyo hutaweza kunipigia ili kubishana.

Akuonee nani wakati mimi nipo?

Mwanao mtiifu,
Msahihishaji


Chumbani kwako, kwenye meza yako
14 Septemba

Mwanangu Msahihishaji,

Mama yako mdomo wake hauna mlango. Haya, naapa.

Hukusikia yote. Tunamwita Bwana Kijani. Wakaguzi wa hesabu huweka tiki kwa wino wa kijani, lakini huyu hata orodha ya sabuni ya ofisi huiandika kwa kijani. Hakuibandika tu ile karatasi. Aliweka tiki nne kwenye masomo niliyofaulu, akayazungushia duara yale mawili, kisha akasema huku akikoroga chai: "Masomo mengine, ndugu zangu, hayakaririwi. Yanataka akili." Katibu muhtasi akacheka. Dereva akacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu. Hilo ndilo lisilonitoka rohoni. Nilisimama na kikombe changu nikacheka pamoja nao.

Kwenye kodi nilianguka chali, sina la kusema. Lakini kwenye hesabu za kundi nilipungukiwa alama tatu. Tatu! Mpaka leo sijui zilidondokea wapi. Ningejua ningerudi kuziokota. Nikaomba likizo ya kusoma. Akanijibu, "Likizo ni ya wanaofaulu." Na kanuni mpya ya bodi, kwa sisi tuliojiandikisha karibuni, unaijua? Hii ni nafasi yangu ya mwisho. Mtihani ni tarehe ishirini na nne Novemba. Nikianguka tena, hata yale manne niliyoshinda yanafutwa, naanza upya kama sijawahi kushika kitabu.

Kwa hiyo nitafaulu. Siku hiyo nitaandika barua ya kuacha kazi kwa wino wa kijani, niibandike juu ya birika, kisha nijimiminie chai. Kalamu nimeshainunua. Iko hapa mezani, nimeikataza kuandika neno hata moja kabla ya siku yake.

Somo lako la kwanza ni hili. Kaza macho.

*Karatasi ya somo, namba moja.* Kampuni mama na kampuni zake tanzu ni nyumba moja yenye vyumba vingi. Kaka ananunua madaftari, anaongeza robo juu ya gharama yake, anamuuzia dada yake kwa mia kila moja. Anapiga kifua: nimepata faida! Faida gani? Pesa imetoka chumba kimoja ikaingia chumba cha pili. Nyumba haijapata kitu mpaka daftari livuke mlango wa mbele na kununuliwa na mtu wa nje. Mwisho wa mwaka dada amebakiwa na madaftari kumi. Hayo ni elfu moja. Robo ya elfu moja ni mia mbili na hamsini. Hiyo ni faida ya kujidanganya. Iondoe.

Mama mdogo wako


Bwenini
4 Oktoba

Mama mdogo,

Karatasi namba moja: tisa juu ya kumi. Nimeielewa mara moja, na ule mlango wa mbele nimeupenda. Nimekukata alama moja kwa mwandiko. Namba mbili, ya kodi: saba, ulirukaruka katikati. Namba tatu: nane na nusu. Karatasi zote nimezitunza chini ya godoro. Barua zako ziko sandukuni, zimefungwa kwa kufuli.

Sasa kaa chini.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Mama hakuweza kuja, kwa hiyo niliwekwa getini kuwaelekeza wageni kwenye daftari la kusaini. Akaja bwana mmoja mrefu, shati limenyooka kama limechorwa. Mlinzi akampa kalamu ya bluu. Akasema, "Asante, ninayo yangu." Akasaini kwa kijani.

Nilisoma mahali pa kazi alipoandika: ofisi yenu ya ukaguzi, ghorofa ya nne, juu ya duka la miwani. Ni yeye. Na unajua alikuja kumwona nani? Jirani! Yule wa kitanda cha tisa niliyekuandikia habari zake, anayekoroma kama cherehani, ambaye nimemfundisha hesabu tangu mwaka jana na kumgawia sabuni yangu. Sabuni yangu, mama mdogo, imemwosha binti wa Bwana Kijani.

Jioni nilimwambia sina nafasi tena ya kumfundisha. Akaniuliza kosa lake ni nini, nikamwambia nina masomo mengi. Kisha, maskini hajui kufunga mdomo, akasema: "Hata baba naye anasoma. Usimwambie mtu. Amebakiza masomo mawili ya bodi, hesabu za kundi na kodi, na huu ni mwaka wa sita anayarudia. Ofisini wanadhani alishamaliza zamani."

Miaka sita! Masomo yale yale! Sikulala hadi kengele, nilikuwa natabasamu gizani kama mwizi.

Nimekuletea upanga, mama mdogo. Shika mpini.

Msahihishaji


Chumbani kwako
10 Oktoba

Mwanangu,

Nilisoma barua yako mara nne, kisha nikafungua dirisha kwa sababu chumba kilikuwa hakinitoshi.

Leo ofisini nilimtazama akinywa chai chini ya karatasi yangu. Bado ipo, imeanza kujikunja pembeni kwa mvuke. Aliniambia, "Unasoma, au umeshakata tamaa?" Nikamjibu, "Nasoma kidogo kidogo, mkuu. Na wewe, ilikuchukua muda gani ulipoyafanya?" Kikombe kikasimama njiani. Akasema, "Hayakunichukua muda." Basi nikamwangalia tu mpaka akaenda zake.

Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Bado sitamwambia mtu. Neno kama hilo ukilisema mapema linakuwa umbea. Ukilisema kwa wakati wake linakuwa hukumu. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Sasa tuone kwa binadamu. Wewe endelea kuwa karibu na binti yake. Rudi umfundishe. Nataka kujua anasoma nini, anashindwa wapi, anaogopa nini.

Mama mdogo wako


Bwenini
18 Oktoba

Mama mdogo,

Niliapa kusema kila kitu, basi nasema na hili.

Juzi nilikuta karatasi zako chini ya godoro zimepangwa vibaya, namba tatu juu ya namba moja. Mimi sipangi hivyo. Jana baada ya chakula cha mchana nikazunguka nyuma ya bweni, tunakoanika nguo. Jirani alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi yako magotini, ananakili kwa penseli. Ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuniona.

Jioni nikamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba yako anaendeleaje na masomo?" Uso wake ukang'aa. "Anaendelea vizuri sasa! Nimempatia maelezo ya mwalimu mmoja. Anasema amesoma vitabu vinene miaka sita, lakini hakuelewa mpaka alipofika kwenye ule mlango wa mbele wa nyumba."

Mlango wako, mama mdogo! Anakubandika juu ya birika mchana, halafu anarudi nyumbani anasoma kwako. Hajui ni kwako, maana anachopata ni mwandiko wa binti yake. Lakini anafaulu kwa akili yako, yeye aliyesema huna.

Nilitaka kumzaba kofi. Nilikunja ngumi ndani ya mfuko wa sketi mpaka kucha zikaniumiza. Niseme nini? Nifiche wapi karatasi?

Msahihishaji


Chumbani kwako
24 Oktoba

Mwanangu,

Usifiche. Usimseme. Usimzabe mtu kofi. Mkono huo ni wa kuandikia.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya somo namba nne. Iweke chini ya godoro kama kawaida. Barua hii ifungie sandukuni.

Karatasi namba nne ni uongo. Nimeiandika kwa uangalifu kuliko zote nilizowahi kuandika. Inasema hivi: *mgeni akihamia nyumbani katikati ya mwaka, hesabu kazi yake ya mwaka mzima tangu Januari, kwa sababu sasa ni wa nyumba.* Inasikika vizuri, sivyo? Ina hata upendo ndani yake. Ukweli ni kwamba kampuni tanzu ikinunuliwa mwezi wa saba, unahesabu faida yake tangu huo mwezi wa saba. Ya kabla ya hapo haikuhusu. Swali hilo huja kila mwaka, na lina alama nyingi.

Anapenda mlango wangu? Aingie basi.

Wewe ukweli umeshaujua, kwa hiyo huwezi kupotea. Na mimi sitapotea. Atakayepotea ni mmoja tu.

Mama mdogo wako


Bwenini
1 Novemba

Mama mdogo,

Nimefanya ulivyosema. Iliwekwa Jumanne, ikanakiliwa Jumatano, ikatumwa Alhamisi.

Karatasi namba nne: mbili juu ya kumi. Mbili hizo ni za mwandiko, ambao safari hii ulikuwa mzuri.

Sina budi kusema na hili. Wakati Jirani anabandika stempu alikuwa anaimba. Kisha akanigawia nusu ya biskuti zake, akasema, "Baba akifaulu ataacha kuwa mkali. Nyumbani hasemi na mtu, anaogopa tutamwuliza matokeo." Nilikula hizo biskuti. Zilikwama kooni, nikanywa maji.

Bado namchukia baba yake. Nimejipima, na chuki ipo kamili, haijapungua hata punje. Nakueleza tu habari za biskuti kwa sababu niliapa.

Msahihishaji


Chumbani kwako
5 Novemba

Mwanangu,

Huruma ikunje uiweke sandukuni pamoja na barua zangu, utaivaa baada ya tarehe ishirini na nne. Mimi nilipokuwa nacheka na kikombe mkononi, nani alikwamwa na biskuti kwa ajili yangu?

Nasoma nikitoka kazini, nasoma kabla ya kwenda kazini. Kodi imeanza kunitii. Hesabu za kundi nazijua kama kiganja changu, narudia karatasi zangu mwenyewe kwa kichwa: mlango, kaka, dada, robo. Zile alama tatu safari hii haziponyoki.

Usiniandikie tena kuhusu huyo binti. Niandikie alama zangu.

Mama mdogo wako


Bwenini
8 Novemba

Mama mdogo mpendwa,

Leo ni tarehe nane, na kiapo changu cha Septemba hakijawahi kuwa kizito kama leo. Nitaeleza yote, hata uliyonikataza, halafu nitakuuliza jambo moja.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Nilikuwa na Mama chini ya paa la ukumbi (hajambo, anasema unakonda, kula), mara Jirani akaja macho mekundu. "Baba anakuita." Nikajua tumekamatwa.

Alikuwa amesimama karibu na ubao wa matangazo. Alinisalimia vizuri, kama mtu mzima anavyomsalimia mtu mzima mwenzake. Akamwambia binti yake, "Sema." Jirani akasema huku analia kwamba alinakili karatasi zangu bila ruhusa, akamdanganya baba yake kuwa ni za mwalimu wa shule. "Nimekuibia," akasema. "Nisamehe." Mimi! Mimi niliyeiweka karatasi ile pale ili aiibe!

Kisha baba yake akanipa bahasha kwa mikono miwili. Akasema, "Mpelekee mwenye masomo haya. Nimeona makosa mawili. Kama naye anafanya mtihani wa bodi, yasije yakamponza."

Mama mdogo, nimeiweka bahasha hiyo ndani ya hii. Utaona mwandiko wake. Kwenye namba nne ameandika kwa kijani: *Hapa nadhani ulikuwa umechoka. Mgeni huhesabiwa tangu siku aliyohamia, si tangu Januari.* Aliujua mtego wako kuwa ni kosa, lakini hakuuona kuwa ni mtego. Alidhani umechoka.

Lakini tazama namba moja. Ile niliyokupa tisa. Amezungushia duara neno "robo", akaandika: *Kaka ameongeza robo ya gharama, si robo ya bei. Alinunua kwa themanini, akaongeza robo, ikawa mia. Faida ni ishirini kwa kila daftari, si ishirini na tano. Madaftari kumi: ondoa mia mbili tu. Hapa ndipo nilipoanguka mara mbili, na sikujua mpaka mara ya tatu. Nisingependa mtu anayeeleza vizuri hivi aangukie shimo langu.*

Nilikaa chini nikapiga hesabu mara tano. Ni kweli. Themanini na robo yake ni mia. Mimi nilikupa tisa, mama mdogo. Msahihishaji gani mimi? Na wewe karatasi ile uliiandika Septemba, kabla hatujajua nani ataisoma. Hukumtegea mtu. Nadhani hapo ndipo zilipodondokea zile alama tatu, na zingedondoka tena tarehe ishirini na nne, palepale, nawe unaimba "robo" kwa kichwa.

Niliyasoma maneno yake mara tatu nikitafuta dharau. Sikuiona, nikazidi kukasirika.

Kabla hajaondoka aliniuliza, "Huyo mwalimu ni nani wako?"

"Mama mdogo wangu."

"Ana wanafunzi wengi?"

"Hana. Anafanya kazi mahali ambapo alifeli, wakamcheka."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Basi mwambie aliyemcheka hajui alichokuwa anakicheka."

Nilikuwa na jibu mdomoni, mama mdogo, fupi kama sindano. Lilikuwa pale kabisa, nyuma ya meno. Ningelisema, lingemwingia mpaka mfupani, mbele ya binti yake, Mama akitutazama kutoka ukumbini. Sikulisema. Si kwa huruma. Huruma iko sandukuni, kama ulivyoagiza. Sikulisema kwa sababu jibu hilo si langu. Karatasi iliyo juu ya birika ni yako, na kicheko ni chako.

Na bado sijamsamehe. Duara moja la kijani lililokuokoa haliondoi maduara mawili yaliyo ukutani. Nimejaribu kutoa moja kwenye mbili na kila mara inabaki moja.

Sasa swali. Jirani anamwandikia baba yake Ijumaa, siku kumi na moja kabla ya mtihani wenu. Baba yake amemwagiza aniulize jina la mwalimu, ili ukifika ukumbi wa mtihani akutafute akushukuru mwenyewe. Jirani amekwisha kuacha nafasi kwenye karatasi yake, mstari mzima, anasubiri nimwambie. Nijibu kwa posta ya kurudi, mama mdogo, na ukumbuke kwamba nawe uliapa.

Nimpe jina lako?

Mwanao,
Msahihishaji